Milango ya Vyoo Mmeihesabu, Uani Hamjafika

Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya, maji, makazi, mifugo na fedha, na kwa wakuu wa halmashauri, popote mlipo.

Waheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Natembea nyumba hadi nyumba na mizani begani, ubao wa kupimia urefu kwapani na daftari mkononi. Katika daftari hilo kuna safu moja imeandikwa "Choo: kipo / hakipo". Nikiweka vema kwenye "kipo", hesabu yenu imekamilika, na kaya ile imehamia upande wa mafanikio katika taarifa mnayosomewa. Barua hii inahusu safu hiyo.

Miezi mitano iliyopita niliingia nyumba moja yenye stika ya pongezi kwenye mlango wa choo. Choo chenyewe hakikuwa na kasoro ya kuonekana kwa macho: kuta za tofali, bati juu, bomba la hewa lenye wavu wa kuzuia nzi, na mlango uliofungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa ameondoka nao baba mwenye nyumba. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kilining'inia pembeni, kikavu, buibui ametanda mdomoni mwake. Nikaweka vema kwenye "kipo", kwa sababu kweli kilikuwepo.

Kisha nikageuka kumtafuta mtoto.

Alikuwa ameketi chini uani, msichana wa miezi 18, anachokoa vumbi kwa kijiti. Kuku watatu walipitapita mbele yake kama wenye nyumba. Mmoja akaacha alichoacha. Mtoto akakipiga kwa kijiti, akakigusa kwa kidole, akakitazama kidole, akakitia mdomoni. Mama yake alimwona, akamkimbilia na kumfuta kwa upindo wa nguo. Si mzembe yule mama. Alikuwa anafua huku jicho moja liko kwa mtoto. Wakati huohuo kaka mtu, wa miaka mitatu, alichuchumaa kando ya ukuta akamaliza haja yake. Bibi akaja na jembe, akayazoa na kuyatupa nyuma ya nyumba. Nilipomuuliza kwa nini hayaendi chooni alinicheka: "Mjukuu wangu, mavi ya mtoto mdogo yana nini hayo?"

(Mtaniwia radhi kwa neno hilo. Katika makabrasha yenu yanaitwa "taka za binadamu", na nadhani hiyo ni sehemu ya sababu bado yako uani. Mficha uchi hazai.)

Tukampima. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao cha chini mpaka kiguse nyayo. Mama alishika kichwa. Mtoto alilia kama anayeibiwa. Sentimita 73.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), kimo cha kati cha msichana wa miezi 18 ni sentimita 80.7, na akiwa chini ya 74.9 anahesabiwa kuwa amedumaa. Huyu alikuwa hajafikia hata sentimita 74, ambazo ndizo kimo cha kati cha msichana wa mwaka mmoja.

"Dada, huyu si mgonjwa," mama akaniambia. "Ni mfupi tu. Upande wa baba yake wote ndivyo walivyo." Akanitolea kadi ya kliniki. Kilo 8.6, ndani ya eneo linalokubalika. Hakukosa kliniki hata mwezi mmoja. Kadi ilikuwa na uzito wa miezi yote, na mahali pa urefu palikuwa patupu tangu alipozaliwa.

Waheshimiwa, mtoto aliyekonda kila mtu anamwona. Jirani atauliza, mwalimu atauliza, mpita njia atauliza. Aliyedumaa haulizwi na mtu, kwa kuwa mwili wake unalingana: mfupi, na uzito wa mfupi. Mashavu anayo. Mkalishe kati ya wenzake ambao nao wamedumaa, hutamjua. Mwaka 2022 watoto wa namna hii walikadiriwa kuwa milioni 148.1 duniani, zaidi ya mmoja kati ya kila watano wenye umri chini ya miaka mitano, na wengi wao wana kadi zilizojazwa vizuri. Ubao ninaotembea nao nilichongewa na fundi seremala, nikakagua vipimo vyake mwenyewe kwa futi ya chuma, kwa sababu ule niliokuwa nikiuomba kwa miaka haukuja. Mizani ilikuja, tena mara mbili.

Na hilo la "upande wa baba yake" nimelisikia hata kwenye vikao vyenu, likisemwa na watu wazima wenye vyeti: watu wa hapa ni wafupi, ndiyo asili yao. Viwango vile vya WHO vilivyotolewa mwaka 2006 havikupimwa kwa watoto wa nchi moja. Vilipimwa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, kwa watoto walionyonyeshwa vizuri, waliotibiwa na kuishi katika mazingira safi. Tofauti ya urefu kati ya watoto wa nchi hizo sita ilikuwa ndogo mno. Mtoto akipewa nafasi, miaka yake ya mwanzo anarefuka kama mwenzake wa bara jingine. Asili huja kudai chake baadaye sana, na haimnyimi mtoto wa miezi 18 sentimita saba.

Sasa mavi na urefu vinakutanaje? Swali hili niliulizwa na diwani mmoja kwa dhihaka, nami nilijibu vibaya siku hiyo. Nijibu hapa.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo sana, vimesimama kama nyuzi za zulia jipya. Hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Mtoto anayemeza vimelea vya kinyesi kila siku, kidogo kidogo, kutoka kwenye vidole, udongo, maji na vyombo, vijidole hivyo huchakaa na kulala kama zulia la ukumbini. Chakula kinapita bila kunyonywa sawasawa. Ukuta wenyewe unaanza kuvuja, vijidudu vinapenya, mwili unawasha moto wa kupambana, na nguvu iliyokuwa ya kurefusha mifupa inaishia vitani. Vita ikiwa ya kudumu, hata homoni za kukuza mwili zinashuka. Mwaka 2009 mtafiti Jean Humphrey aliandika kwamba huenda njia hii, kuliko kuhara kwenyewe, ndiyo inayounganisha uchafu wa mazingira na udumavu.

Hili la kuhara mlizingatie. Yule msichana hakuwa anahara. Utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto wachanga katika nchi nane, ulikuta vimelea kama vile Shigella na Campylobacter kwenye kinyesi cha watoto wasiohara hata kidogo, na watoto waliokuwa navyo mara kwa mara hawakurefuka kama wenzao. Kwa hiyo mnaposoma kwamba wagonjwa wa kuhara wamepungua zahanati mkapongezana, hamjasoma habari za utumbo wa mtoto aliyebaki nyumbani akicheza.

Najua mnachosema mkiwa peke yenu, hasa upande wa fedha. Mnasema vyoo vilijaribiwa na havikuwarefusha watoto. Ni kweli, na nisipokiri hapa hamtaniamini kwingine. Majaribio makubwa ya WASH Benefits, yaliyofanywa Bangladesh na Kenya na kutangazwa mwaka 2018, yaliboresha vyoo, yakagawa poti na vikoleo vya kuzolea kinyesi, vifaa vya kunawia na dawa ya maji. Urefu wa watoto haukubadilika kwa sababu ya hayo. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya jaribio la SHINE la Zimbabwe. Huko kaya zilijengewa choo bora cha shimo chenye bomba la hewa, zikapewa sabuni, dawa ya maji, na hata mahali pa kumchezeshea mtoto palipotengwa na uchafu. Hakuna sentimita iliyoongezeka. Kilichosaidia kilikuwa ushauri wa kulisha mtoto pamoja na kirutubisho kidogo cha kila siku: udumavu ukashuka kutoka asilimia 35 hadi 27.

Niliposoma hayo mara ya kwanza, nakiri, niliweka daftari chini siku mbili nzima.

Lakini tazameni kilichojaribiwa, kisha mwende mkasimame kwenye ua wowote. Bangladesh na Kenya kiliboreshwa choo cha boma lenye mtoto wa utafiti. Majirani waliendelea kama walivyokuwa, na nzi na maji ya mvua hayajui mpaka wa boma. Maji ya bomba hayakuletwa ndani ya nyumba. Sakafu ya udongo ilibaki ya udongo. Kuku na mbuzi walibaki uani. Watafiti walipopima baadaye mikono, udongo na maji katika kaya za Bangladesh, walikuta vyoo vilivyoboreshwa havikupunguza sana vijidudu vya kinyesi. Yaani mtoto aliendelea kula kilekile. Choo kilikuwa kizuri, tatizo halikuwa limeingia chooni.

Kwa hiyo anayechukua karatasi hizo na kufuta bajeti ya usafi wa mazingira amezisoma kinyume. Watafiti wenyewe walikaa baada ya matokeo wakasema kinachohitajika ni hatua kubwa zaidi ya hizo, si ndogo zaidi. Tena katika jaribio hilohilo la Bangladesh, watoto waliokutwa wanahara walikuwa asilimia 3.5 kwenye kaya zilizoboreshewa vyoo, na asilimia 5.7 kwenye zisizopewa chochote. Na choo hakijengwi kwa ajili ya sentimita tu. Kipindupindu hakisubiri mtoto arefuke, na mwanamke anayevumilia haja yake hadi giza liingie hahitaji utafiti wa kumwambia kwamba anateseka.

Kuna mfano mmoja ninaupenda kwa sababu umeanzia chini, miguuni. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila huko Meksiko lilianza programu ya Piso Firme, ya kuwamwagia saruji wenye nyumba za sakafu ya udongo. Watafiti wakalinganisha watoto wa mji wa Torreón na wale wa miji inayopakana nao katika jimbo jirani la Durango, ambako saruji haikwenda. Walikadiria kwamba nyumba ikiondolewa udongo wote, maambukizi ya vimelea kwa watoto yanapungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Majaribio ya akili ya watoto nayo yalikuwa na alama bora. Siwadanganyi kwamba sakafu iliwarefusha. Hilo halikuonekana wazi. Ila mtoto mwenye damu ya kutosha, asiye na minyoo, na akili inayochangamka, mimi nampokea hata kabla sijafungua ubao wangu.

Sasa niambieni, sakafu ni ya wizara gani? Udumavu uko afya. Choo kiko maji, au kiko afya pia, inategemea nani ana mradi mwaka huo. Kuku wako mifugo, ambako wanahesabiwa kama kitoweo na kipato, na sawa, yai ni chakula bora cha mtoto. Lakini hakuna afisa mifugo niliyemsikia akizungumzia banda kwa sababu ya mtoto anayetambaa. Sakafu iko makazi, ambao wanafikiria nyumba za kupangisha. Ule ua wenye mita chache za mraba, ambamo mtoto anaishi miaka yake miwili ya mwanzo, hauna mwenyewe. Nimehudhuria vikao vya uratibu. Chai ilikuwepo.

Futeni safu ya "kipo / hakipo". Mahali pake tuandikie maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu akiwa barabarani. Ufunguo wa choo anao nani saa nne asubuhi? Mavi ya mtoto mdogo kuliko wote yamekwenda wapi leo? Kinyesi cha mtoto si salama zaidi ya cha mtu mzima, lakini kadi za kaya bora hazikiulizi, na poti ni kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye mpango wa halmashauri yoyote. Mtoto anakaa juu ya nini wakati mama anapika? Maji ya kunawa yako hatua ngapi kutoka chooni, na yapo leo au yalikuwepo siku ya ukaguzi? Maswali haya yananichelewesha dakika kumi kwa kila nyumba. Nitazitoa.

Swali la shimo nimeliacha liwe peke yake kwa sababu ndilo linalonikera zaidi. Mnatangaza kijiji au mtaa umekomesha kujisaidia hovyo, mnasimika kibao, mnapiga picha Novemba 19 mkiwa mmevaa fulana za Siku ya Choo Duniani. Shimo halijui kuhusu kibao. Linajaa. Penye nafasi watu wanachimba jingine wakiwa na nguvu na uwezo; pasipo na nafasi wanasubiri mvua kubwa, usiku wanatoboa ukuta wa shimo, na asubuhi tope lote liko mtaroni, mahali watoto wanaporusha vijiti kama mashua. Gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye vichochoro, na likiingia halina mahali pa kumwaga isipokuwa kwenye mto. Wanaopakua kwa mikono wanafanya kazi hiyo usiku, peku, bila glavu, kwa sababu sheria ndogo zenu zinawatambua kama wavunja sheria na si kama mafundi. Mwaka 2022 watu bilioni 3.5 duniani hawakuwa na huduma ya choo iliyo salama mwanzo hadi mwisho, ikilinganishwa na milioni 419 waliokuwa wakijisaidia mahali pa wazi. Pengo kati ya namba hizo mbili limejaa watu wenye choo. Kwenye daftari langu wamo upande wa "kipo".

Sitaki mnielewe kwamba chakula ni jambo la pili. Zimbabwe imeonyesha kwamba si la pili, na mtoto wa miezi sita anayeanza kulikizwa kwa uji mwepesi hataokolewa na saruji. Wala hadithi haianzii kwenye uji: wengine huzaliwa tayari wafupi, kwa sababu mama alibeba mimba akiwa na upungufu wa damu, pengine kwa minyoo ya safura aliyoipata kwa kukanyaga udongo uleule. Siku 1,000, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya hesabu. Baada ya hapo kurudisha kimo kilichopotea ni kazi ngumu sana, na kinachopotea pamoja nacho, darasani na kazini, hakipimwi na ubao wangu. Ninachopinga ni ule mtindo wa kuchagua: mwaka wa vyoo, halafu mwaka wa lishe, halafu mwaka wa kunawa mikono, kila mradi na fulana yake, wakati mtoto ni yuleyule na ua ni uleule. Chagueni maeneo machache, mmalize yote kwa pamoja: maji yafike nyumbani, shimo lipate gari na gari lipate mahali pa kumwaga, kuku wapate banda, chumba anacholala na kucheza mtoto kipate sakafu inayodekika, mama apate huduma tangu mimba. Kisha ndipo mhamie eneo jingine. Najua siasa haipendi hivyo, kila mbunge anataka vyoo vyake kumi. Vyoo kumi kila mahali ndivyo vilivyotufikisha kwenye stika.

Na urefu uandikwe kwenye kadi. Ubao mmoja kwa kila kituo, mtumishi afundishwe kuusoma, basi. Hili halihitaji kikao.

Yule mama nilirudi kwake wiki iliyofuata. Mumewe alikuwepo. Nilimweleza habari ya ufunguo, akanyamaza, kisha akasema choo kilijengwa kwa jasho, watoto wangekiharibu kabla mkaguzi hajaja mara ya pili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa mnachokihesabu. Siku hizi ufunguo unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, na bibi ananunia poti niliyowapelekea lakini anaitumia. Kuku bado wako uani. Banda linahitaji mbao.

Msichana anatimiza miezi 24 mwezi ujao. Kabla ya hapo nitampima akiwa amelala kwa mara ya mwisho, maana akivuka miaka miwili tutaanza kumpima akiwa amesimama. Nimesema kupima mtoto aliyelala kunahitaji watu wawili. Mama yake siku hiyo amepata kibarua, na bibi mikono inamtetemeka. Ningeomba mmoja wenu aje ashike kichwa. Ubao nitakuja nao mimi.

Mhudumu wenu wa afya ngazi ya jamii